Tiketi ya Kurudi Ina Kasoro, na Wanaotuuzia Wananyamaza

Mashoga zetu wa Unguja na Pemba, mama wa mabibi harusi, na nyinyi mabibi harusi wenyewe mnaohesabu siku.

Leo hatuleti mishono. Lasi na satini zitasubiri. Tuna jambo limetukaba kooni tangu msimu wa harusi uliopita, na tumeona tukiendelea kulinyamazia tutakuwa tumeshiriki.

Kwa wasiotujua, sisi ni washonaji watatu. Chumba chetu cha cherehani kipo Olmotonyi, kwenye miteremko ya mlima Meru, karibu na Chuo cha Misitu. Wateja wetu wengi wa magauni ya harusi wanatoka visiwani. Alikuja mmoja, akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia wifi yake, na mambo yakawa hayo. Wakishuka huku na madera yao mepesi wanatetemeka mpaka tunawavisha majaketi ya mitumba kabla ya kuwapima. Kwa hiyo safari za kutoka Unguja kuja huku tunazijua kama tunavyozijua sindano zetu. Au tulidhani tunazijua.

Sikilizeni yaliyompata mmoja wao.

Bibi harusi wetu alikuwa anaolewa Ijumaa, Unguja, ndoa baada ya swala ya alasiri. Yeye na shangazi yake walikata tiketi za kwenda na kurudi kwa wakala mmoja huko mjini: Unguja, Dar es Salaam, KIA, kisha kurudi njia hiyo hiyo. Waje Jumatatu, apimwe mara ya mwisho, Alhamisi mchana warudi na gauni, usiku ule ule apakwe hina. Siku mbili kabla ya safari mjomba wake wa Dar akasema naye anakuja Arusha na gari lake lina nafasi, waje pamoja. Mtoto wa watu akatupigia simu kutuuliza. Na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, ndio tuliomjibu: "Panda gari na mjomba, mdogo wetu. Ya kurudi si unayo?"

Akaja kwa boti mpaka Dar, na gari mpaka Arusha. Gauni likamkaa kama ngozi yake, hatukuongeza hata uzi mmoja. Alhamisi tukawasindikiza KIA, mwendo wa zaidi ya saa nzima kutoka kwetu, gauni limelazwa kwenye mfuko wake mrefu mweupe. Pale kaunta kijana akaandika majina, akaangalia, akaandika tena. Akasema tiketi hizi zimefutwa, hamkutokea Jumatatu.

Shangazi alidhani kijana hajaelewa. Akamweleza taratibu kwamba Jumatatu walikuja kwa gari, leo ndiyo wanasafiri kwa ndege. Kijana akasema, "Ndiyo hivyo, mama. Hamkutokea kwenda, mfumo ukafuta na kurudi."

Pesa ililipwa miezi miwili nyuma, taslimu, ikahesabiwa mezani. Ndege ya siku ile imejaa. Ya kesho yake imejaa. Nafasi iliyokuwepo ni ya Jumamosi, kwa tiketi mpya ya kwenda tu, na bei yake ilikaribia ile ya kwenda na kurudi waliyolipa mwanzo. Jumamosi! Ndoa ni Ijumaa.

Wakapanda basi la usiku. Gauni likapakatwa kutoka Arusha mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, zaidi ya kilomita 600, shangazi na bibi harusi wakipokezana kama mtoto mchanga. Boti ya kwanza ya asubuhi ikawaacha, wakapanda iliyofuata. Bibi harusi akaingia kwao Ijumaa karibu na adhana ya adhuhuri. Somo wake alikuwa amekesha anamsubiri. Hina ilikuwa imekaukia bakulini. Wanawake walioalikwa usiku ule walikula, wakaimba kidogo, wakaondoka bila kumwona mwenye shughuli. Akapakwa piko ya haraka haraka mikononi, miguuni hakukuwahiwa. Ndoa ilifungwa, alhamdulillah. Lakini usiku wa hina haurudiwi, na mama yake mpaka leo tukizungumza kwenye simu hamalizi bila kulitaja lile bakuli.

Baada ya hapo tukaanza kuuliza. Tumeuliza watu wa mizigo, watu wa kaunta, mawakala wenyewe, na tumesoma masharti kwa kukodolea macho simu mpaka kichwa kikauma. Tulichokuta ni hiki.

Tiketi ya kwenda na kurudi ni vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja chini ya namba moja, ile yenye herufi na tarakimu sita. Masharti ya kampuni nyingi za ndege duniani, kubwa kwa ndogo, yanasema vipande hivyo vitumike kwa mpangilio wake, cha kwanza kitangulie. Ukikiacha kimoja bila kuwaambia, unaandikwa kuwa hukutokea, na vyote vilivyo mbele yake vinafutwa. Hakuna mtu anayekaa chini akaamua juu yako. Mashine inafanya, na mara nyingi hukuletei hata ujumbe wa simu. Aliyeacha cha mwisho hafutiwi kitu, kwa sababu mbele hakuna kilichobaki. Aliyeacha cha kwanza amepoteza safari nzima na hajui.

Sisi wa huku tuna mtego wetu mwingine. Barabara ya Namanga inapita hapo chini yetu Ngaramtoni. Ukipanda gari unafika Nairobi kwa saa chache. Sasa dada anakata tiketi ya kwenda kununua vitambaa Dubai, inaanzia KIA, inaunganisha Nairobi. Siku ya safari anasema, ya nini nizunguke mpaka KIA, njia ya Nairobi ipo mlangoni kwangu, nitaipandia ndege kule kule. Anafika Nairobi na begi lake, anaambiwa hana safari. Kile kipande kidogo cha KIA mpaka Nairobi, ambacho yeye alikiona hakina maana, ndicho kilichokuwa kimeshikilia vyote. Ni kama kuvuta uzi wa mshono wa cheni: unavuta mmoja, pindo zima linaachia.

Na wapo wanaofanya kinyume. Wanarudi kutoka Umra, tiketi inasema Jeddah, Nairobi, KIA, wao wanashukia Nairobi kwa sababu wana ndugu Eastleigh. Haya, umeshuka. Begi je? Begi limefungwa kitambulisho cha JRO, yaani KIA, na litakwenda KIA bila wewe, na maji yako ya Zamzam na zawadi za watu. Bibi harusi akifanya hivyo na gauni limo kwenye begi la chini, gauni litafika mahali ambapo yeye hayupo. Gauni la harusi halikabidhiwi watu wa mizigo kamwe, hilo tumelisema mara ngapi humu. Libebeni mkononi.

Mtauliza, kwa nini kampuni zifanye hivyo? Kwa sababu bei ya ndege haipimwi kwa umbali kama tunavyopima kitambaa kwa mita. Inapimwa kwa ushindani na kwa jinsi unavyohitaji. Ndiyo maana wakati mwingine kwenda na kurudi ni rahisi kuliko kwenda tu, na safari ya kuunganisha mara mbili ni rahisi kuliko ya moja kwa moja. Kampuni zinaogopa watu wanunue ile rahisi, watumie kipande wanachokitaka, watupe kingine. Kwa hiyo zimeweka adhabu. Hofu yao tunaielewa, sisi pia ni wafanyabiashara.

Lakini adhabu gani hii? Tuchukulie dukani kwetu. Mteja analipia nguo mbili, ya hina na ya ndoa. Analipa zote, hadaiwi hata shilingi. Siku ya kuchukua nguo ya hina hakuja, labda mtoto aliumwa. Anakuja siku ya ndoa, tunamwambia: kwa kuwa hukuchukua ile ya kwanza, hii ya pili tumeshaiuza kwa mtu mwingine, na pesa yako haturudishi, lakini ukitaka tunaweza kukushonea nyingine kwa bei ya leo. Mashoga, mngetufanya nini? Mngetupeleka kwa sheha. Mngetutangaza kwenye kila kundi la WhatsApp kutoka Nungwi mpaka Mkoani, na mngekuwa na haki. Mbona kwa ndege tunasema tu "ndivyo walivyo"?

Kuna watakaotujibu kwa dini, na wameshatujibu. Wanasema Waislamu tunafungwa na masharti tuliyoyakubali, na Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Ni kweli, na hatubishani na hilo. Lakini ni nani aliyekubali? Shangazi yule hakuonyeshwa sharti lolote. Aliulizwa majina, tarehe na pesa. Masharti yalikuwa mahali fulani kwenye mtandao, kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa na kurasa. Na tunaikumbuka ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la chakula akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema kimenyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuweka kilicholowa juu, watu wakione. Hiyo ndiyo hoja yetu yote. Hatukusema usiuze kilicholowa. Kiweke juu tukione.

Tiketi ambayo itakufa ukiacha kipande cha kwanza ina kasoro. Ni kasoro ya halali labda, ina sababu zake labda, lakini ni kasoro, na muuzaji anayeijua akanyamaza ameificha. Anayetaka hukumu ya fikihi kuhusu khiyari ya mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa amuulize sheikh wake, sisi elimu yetu ni kidato cha nne na cherehani. Tunachokijua ni kwamba fundi akikushonea kitambaa kinachotoa rangi bila kukwambia, hatuiiti hiyo biashara.

Tunawasema mawakala kwanza, na tunawasema kwa sababu wao tunaonana nao uso kwa uso. Wanajua. Kila wakala tuliyemuuliza alijua, tena wengine walicheka: "Ah, hiyo ipo siku zote." Kama ipo siku zote, sentensi moja ingekugharimu nini, kaka? "Bibi, usipopanda ya kwenda, ya kurudi haipo." Maneno saba, kwa Kiswahili, kabla ya kupokea pesa. Wakala wa bibi harusi wetu tulipompigia alisema masharti yapo kwenye tiketi. Tulimwomba shangazi atutumie tiketi. Kulikuwa na jina, tarehe, uzito wa mzigo, na mstari mmoja chini kabisa, kwa Kiingereza, unaosema masharti ya kampuni yatatumika. Hayo ndiyo masharti yaliyopo kwenye tiketi.

Kampuni nazo zisijifiche nyuma ya wakala. Tunaambiwa haiwezekani kuwa vingine, biashara ya ndege ndivyo ilivyo duniani kote. Si kweli. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho ya kesi za madai iliamua mwaka 2010, katika kesi zilizowagusa Lufthansa na British Airways, kwamba kampuni haiwezi kumnyima safari iliyobaki kila mtu aliyeacha kipande. Inaweza kujilinda kwa kudai tofauti ya bei kwa anayecheza na nauli, basi. Hispania, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018 kwamba sharti la namna hii kwenye tiketi za Iberia ni la uonevu kwa mlaji. Ndege za Hispania hazikuacha kuruka baada ya hukumu ile. Hata kijana wetu wa kaunta angeweza kuambiwa amdai shangazi tofauti ya bei, wangelipa pale pale, wangepanda. Kuna njia ya katikati, huku kwetu hakuna aliyewasukuma waitafute.

Sasa na sisi wenyewe tujiseme, maana humu ndani kuna wajanja. Tunawajua. Yuko dada anayefundisha wenzake: nunua ya kwenda na kurudi kwa sababu ni rahisi, kisha itupe ya kurudi. Au nunua inayoenda mbali zaidi, shukia katikati. Duniani mchezo huu ni mkubwa, kuna hata mtandao wa Marekani uitwao Skiplagged unaowatafutia watu tiketi za hivyo. United Airlines waliushtaki mwaka 2014, hawakufika mbali. American Airlines nao wakaushtaki, na Oktoba 2024 baraza la mahakama huko Texas likaona mtandao huo ulipe zaidi ya dola milioni 9. Na Lufthansa walimfuata abiria mmoja mpaka mahakamani Berlin, wakimdai zaidi ya euro 2,000 kwa sababu alitoka Seattle, akashukia Frankfurt badala ya kumalizia Oslo. Mahakama ya chini ilimpa ushindi abiria, mwishoni mwa 2018. Alishinda, lakini nani kati yetu ana nafasi ya kwenda mahakamani kwa ajili ya kipande cha tiketi?

Msimamo wetu ni huu. Uliyepanga tangu mwanzo kukubali sharti ukijua hutalitimiza, hiyo ni baina yako na Mola wako, usituombe tukupigie makofi. Ndege ikibadilishwa njia kwa hali ya hewa, begi likitakiwa kushushwa chini, ujanja wako umeisha. Tena wajanja hawa ndio wanaowapa kampuni kisingizio cha kuwaadhibu akina shangazi. Lakini mwanamke aliyebadilisha usafiri kwa sababu mjomba ana gari si mjanja. Hakuiba kiti. Aliwaachia kiti chake mtupu, kimelipiwa. Kumtia kapu moja na anayecheza na bei ni dhulma, na hatutaliita jina jingine.

Kwa hiyo mpaka hapo watakapobadilika, fanyeni hivi. Kama kuna hata harufu ya mashaka kwamba utakuja kwa gari au kwa boti, kata tiketi mbili za kwenda tu, kila moja na namba yake. Utalipa zaidi kidogo pengine, lakini moja ikifa nyingine haifi. Kama umeshakata ya pamoja na mambo yamebadilika, piga simu kabla ndege ya kwanza haijaondoka, si baada, uwaambie wabadilishe, na usikubali jibu la mdomo. Watume kwa maandishi kwamba kipande cha kurudi kipo hai. Kuna watakaokutoza, kuna watakaokubali bure, inategemea aina ya tiketi. Na ukiacha safari kabisa, uliza kodi na ada za viwanja zilizomo ndani ya nauli. Hukupita uwanjani, kwa nini ada ya kupita uwanjani ibaki kwao? Wengi hurudisha ukiomba. Hakuna anayekuletea bila kuomba.

Na mlalamike. Bara kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, limewekwa kwa ajili yetu. Kuna Tume ya Ushindani, FCC, na sheria yake ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Zanzibar mnayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Shangazi tumemwandikia barua sisi wenyewe, mmoja wetu ana mwandiko mzuri, tukaambatanisha tiketi, risiti ya wakala na tiketi za basi. Majibu hatujapata, lakini nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo. Walioteseka kama yeye wako wengi, barua ndizo chache. Watu wanalia uwanjani, wanapanda basi, wanasahau.

Sisi tumeshaongeza mstari kwenye daftari letu la oda. Zamani tuliandika kifua, kiuno, nyonga, urefu. Sasa tunaandika na vipande vya tiketi. Mwezi ujao, inshaallah, tuna bibi harusi kutoka Chake Chake. Ametutumia picha ya tiketi yake: Pemba, Unguja, Arusha, na kurudi. Vipande vinne, namba moja. Akaandika chini kwamba mpaka Unguja atakwenda na boti pamoja na mama yake mdogo, kwa kuwa mama mdogo anaogopa vindege, kisha atapandia ndege Unguja. Tulimpigia kabla hatujamaliza kusoma. Juzi amerudi kwa wakala wake, amegawa tiketi mara mbili, ameongeza elfu sabini na tano, na mama mdogo amenuna.